Pomboo wenye nundu mlangoni mwa Kilindini: ni aina gani, na mbona wamekuwa adimu?

Binti wa Kibokoni anauliza:

Assalaam aleykum ndugu zangu wapenda bahari, na heshima zangu kwa wazee waliomo humu.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa nimeketi na mwanangu wa miaka 9 kwenye bustani ya Mama Ngina, pale mwambani unapotazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Kusi ilikuwa imeanza kulegea na maji yalikuwa yakijaa. Meli moja ya makontena ilikuwa imekwisha kupita, na mawimbi yake yalikuwa yangali yakipiga mwambani, ndipo chini yetu nikaona mdomo mrefu ukichomoza majini kabla ya kichwa, kisha mgongo ulioinuka katikati kama nundu ya ng'ombe, na juu ya nundu hiyo pezi dogo. Walikuwa watatu, wa rangi ya kijivu, na mmoja wao alikuwa mdogo aliyebanana na ubavu wa mwenziwe kila walipoibuka. Waliibuka mara nne, tukasikia pumzi zao waziwazi, kisha hatukuwaona tena.

Muuza kahawa aliyekuwa karibu nasi alisema kwamba alipokuwa kijana haikupita wiki bila kuwaona, na sasa humaliza miezi. Mwanangu akaniuliza kama wale ni samaki, nami nikamjibu kuwa si samaki, lakini aliponiuliza sababu nilibabaika. Ningependa kujua ni pomboo wa aina gani wale, kwa nini wamepungua hapa kwetu, na imekuwaje hali ni hii ilhali tuna hifadhi ya bahari hapa Mombasa tangu mwaka 1986. Tena marehemu bibi yangu, mzaliwa wa Lamu, alikuwa akitusimulia habari za nguva hata tukidhani ni jini. Je, nguva wangalipo katika bahari yetu?

Mwalimu wa Kisauni anajibu:

Wa aleykum salaam dada yangu. Umeeleza vizuri sana, kwani mdomo unaotangulia na pezi dogo lililokaa juu ya nundu ndizo alama zenyewe. Hao ni pomboo wenye nundu wa Bahari ya Hindi, ambao wanasayansi huwaita Sousa plumbea. Mpaka mwaka 2014 walihesabiwa kuwa aina moja na wale wa Uchina na Asia ya Kusini Mashariki, kisha ikathibitishwa kuwa ni aina ya peke yake, inayopatikana kuanzia Afrika Kusini, kupitia pwani yetu na Uarabuni, hadi India.

Kwa mwanao, mwambie autazame mkia. Mkia wa samaki umesimama wima nao hupiga kushoto na kulia, lakini mkia wa pomboo umelala bapa nao hupiga juu na chini. Pumzi mliyoisikia ndiyo jibu lililobaki: mnyama huyu ana mapafu, damu yake ni ya moto, huzaa mtoto aliye hai na humnyonyesha maziwa humo humo majini. Yule mdogo aliyebanana na mama yake alikuwa bado ananyonya, nadhani, na mtoto wa aina hii hufuatana na mama yake kwa miaka kadhaa.

Katika eneo hili la magharibi mwa Bahari ya Hindi kuna zaidi ya aina 30 za mamalia wa baharini, kwa hiyo tusiwaweke wote katika fungu moja tunapouliza nani amepungua. Wako pomboo wa chupa, ambao ndio watalii wa Watamu na Kisite huwaona zaidi. Wako pomboo wa kuzunguka, wenye mdomo mwembamba, ambao huruka na kujipindua hewani kama pia. Hao huenda makundi makubwa, hula usiku kwenye maji ya kina kirefu na mchana hupumzika karibu na nchi kavu. Huko nje zaidi wapo nyangumi wa meno wanaozamia kina cha kutisha. Na tangu Julai hivi, nyangumi wenye nundu hufika kutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa katika maji yetu ya moto, ambapo mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 au zaidi.

Nyangumi hawa wenye nundu ni mfano mzuri wa kinyume. Waliwindwa karibu kumalizwa, uwindaji wao katika nusu ya kusini ya dunia ukapigwa marufuku mwaka 1963, na leo wameongezeka kiasi kwamba mtu huweza kuwaona akiwa amesimama ufukweni. Pomboo wako hakuwahi kuandamwa na meli za kuwinda, naye shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimworodhesha mwaka 2017 kuwa yumo hatarini kutoweka. Sababu kubwa ni makao yake. Hapendi bahari kuu. Hukaa kwenye maji ya kina cha chini ya mita 25 hivi, kwenye mikono ya bahari, karibu na mikoko na midomo ya mito, yaani palepale tunapotega nyavu, tunapochimba bandari na tunapomwaga maji machafu. Makundi yake ni madogo, na jike huzaa mtoto mmoja kwa miaka mitatu hivi, baada ya kukua kwa miaka kama 10. Ukiondoa majike wawili katika kundi la watano, huenda kundi lile lisirudi tena katika umri wako.

Hifadhi yetu ya Mombasa ni nzuri na naipenda, lakini eneo lake lililokatazwa uvuvi kabisa ni kilomita 10 za mraba tu, ambazo pomboo huweza kuzipita kwa muda mfupi. Samaki wa mwambani hulindwa na mpaka kwa sababu hutulia mahali pamoja. Mnyama anayetembea hivi analindwa na kile anachokutana nacho nje ya mpaka.

Mzee wa Mtongwe anajibu:

Binti yangu, mwalimu amesema kweli, nami nitaeleza kile ambacho pomboo hukutana nacho nje ya mpaka, kwa sababu nimekivuta kwa mikono yangu. Nimevua miaka 41, na mingi kati ya hiyo nimevua kwa jarife.

Jarife, kwa wasiolijua, ni wavu wa macho mapana wa kunasia papa na taa na samaki wakubwa. Huteremshwa jua likitua, juu una maboya na chini una chubwi, ukasimama majini kama ukuta usiku kucha, ukavutwa alfajiri. Uzi ni nailoni, nao majini hauonekani. Pomboo huitafuta njia yake kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake, lakini nailoni nyembamba haimrudishii mwangwi wa kutosha, hasa akiwa amekazana kumfukuza samaki. Akinaswa hana zaidi ya dakika chache, kwa maana lazima apande juu avute pumzi.

Usiku mmoja wa kaskazi tulikuwa tumetega nje ya mwamba, upande wa Likoni. Alfajiri tulipoanza kuvuta nilihisi uzito uliotulia, nami nikajua si papa, kwa kuwa papa hupigana na hukata. Alipofika ubavuni mwa mashua tukaona ni pomboo jike mwenye nundu. Uzi ulikuwa umemwingia kwenye pembe za mdomo na kwenye mapezi hata ngozi ikaachana, na ile ngozi ilikuwa laini kama yai lililomenywa. Tulipomgeuza ili tumkate kwenye nyavu, maziwa yakatoka tumboni, meupe, yakasambaa majini. Sote wanne tulinyamaza. Nilitazama huku na huku nikimtafuta mtoto, lakini kulikuwa bado na kiza na sikuona kitu. Nahodha akasema tumwachilie azame na tusimwambie mtu, maana sheria ya wanyamapori ni kali na hakuna aliyetaka kulala kituoni kwa jambo ambalo hakulikusudia.

Nimeishi na maziwa yale machoni mwangu kwa miaka mingi. Tena jambo lililonikera zaidi baadaye ni lile la kunyamaza, kwa sababu nilipouliza wenzangu nikakuta karibu kila chombo cha jarife kina hadithi yake, na hakuna hata moja iliyoandikwa popote.

Kuhusu nguva, nimewaona mara mbili tu katika maisha yangu, mara zote nikiwa kijana na tukienda upande wa Kiunga. Mara ya pili alikuwa na mtoto. Bibi yako hakuwa akisimulia jini, mama; wazee wa Lamu walimjua nguva, walimvua na kumla, na mafuta yake walikuwa wakiyatumia.

Mama Karanga wa Likoni anajibu:

Shikamoo mzee wangu, nawe mwalimu nakuheshimu. Mimi hukaanga na kuuza samaki, na mume wangu ni mvuvi, kwa hiyo naomba niseme upande ambao mara nyingi hausemwi mbele ya watu wa hifadhi.

Kila mara pomboo anapozungumzwa, kidole huelekezwa kwa mtu wa mashua. Mvuvi hakununua jarife kwa kupenda kuua pomboo. Alilinunua kwa sababu samaki wa ndani ya mwamba wamekwisha, na kwa sababu kwa chombo chake cha tanga na watu wanne hawezi kuifikia bahari ya nje kwa njia nyingine. Mwaka mmoja walikuja watu wakatushawishi turudishe nyavu tupewe mishipi na ndoana. Nyavu zilichukuliwa, zikachomwa, na picha zikapigwa. Ndoana zililetwa, lakini mashine ya boti iliyoahidiwa ili tufike kwenye samaki wa mshipi haikuletwa mpaka leo. Nyumba saba ninazozijua zilikopa pesa zikanunua jarife upya kabla ya mwaka kwisha. Nani wa kulaumiwa hapo?

Na hizi meli je? Mchanga unachimbuliwa, kelele haziishi usiku na mchana, maji ya vyoo yanaingia mkondoni. Pomboo hayo yote hayamdhuru, ni uzi wa mume wangu peke yake?

Mwalimu wa Kisauni anajibu:

Mama, swali lako ni la haki, na habari ya nyavu zilizochomwa imenisikitisha, kwani kazi ya namna hiyo huharibu imani kwa miaka mingi ijayo.

Kelele zinamdhuru. Ndani ya maji sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na mnyama anayeishi kwa masikio hupata taabu palipo na mashine zisizonyamaza. Mwaka 2008 nyangumi wadogo wa kichwa cha tikiti wapatao 100, ambao kwa kawaida hukaa kwenye maji ya kina kirefu, waliingia katika wangwa mmoja wa kaskazini magharibi mwa Madagaska na wengi wakafa humo. Jopo la wataalamu huru lilieleza mwaka 2013 kwamba kichocheo kilichoelekea zaidi kuwa ndicho ni chombo cha sauti cha kupimia sakafu ya bahari kilichokuwa kikitumika nje ya pale. Kwa hiyo sikubaliani na anayemwachia mvuvi lawama yote. Lakini pia siwezi kusema mizigo hii miwili ina uzito mmoja, kwa maana kelele humsumbua na kumhamisha pomboo, hali wavu humuua usiku ule ule, na kwa kundi dogo tofauti hiyo ni kubwa.

Ndiyo maana napendelea mabadiliko ambayo mvuvi anaweza kuyafanya na bado akala. Kwenye uvuvi wa jodari wa Pakistani, nahodha walishawishiwa kushusha nyavu zao zinazoelea mita 2 hivi chini ya uso wa maji badala ya kuziacha zianzie juu kabisa, na vifo vya pomboo vikapungua kwa kiasi kikubwa huku mavuno ya jodari yakibaki ya kuridhisha. Zanzibar nako wamejaribu kufunga kwenye nyavu vifaa vidogo vinavyotoa mlio wa kumtahadharisha pomboo. Kwa jarife linalokaa chini, njia ya kushusha wavu haisaidii, na hapo ni lazima kuzungumzia maeneo: mikono ya bahari na maji mafupi ambapo pomboo wenye nundu wanajulikana kupita, jarife lisitegwe humo, na mvuvi apewe kwanza, nasema kwanza, kile kitakachochukua nafasi yake.

Sasa nguva, kwa sababu dada aliuliza na habari yake ni nzito kuliko ya pomboo. Nguva hana undugu na pomboo. Jamaa yake wa karibu kwenye nchi kavu ni tembo. Hula nyasi za baharini, hata kilo 40 kwa siku, na huweza kuishi hata miaka 70. Mimba yake huchukua zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na kati ya mtoto na mtoto huweza kupita miaka mitatu hadi saba. Hata mambo yakimwendea vizuri kabisa, idadi yao haiwezi kuongezeka zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Chukua nguva 40: wakifa wawili tu kwenye nyavu kwa mwaka, ongezeko lote limekwisha. Mwaka 1967 kundi la nguva wapatao 500 liliripotiwa nje ya pwani ya kusini ya Somalia, si mbali na Kiunga alikopita mzee wetu. Mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki walitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakubwa wenye uwezo wa kuzaa wakikadiriwa kuwa chini ya 250 katika pwani hii yote, na wengi wao wako visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Kwetu Kenya, kumwona nguva sasa ni tukio. Wangalipo, dada, lakini kwa uchache unaotia uchungu, na nyasi wanazozila zinaendelea kupungua kwa juya linalokokotwa chini na kwa tope linaloshuka na mito.

Kijana wa Shimoni anajibu:

Shikamooni wazee. Mimi huongoza boti ya watalii Kisite, na nimefurahi kuona jambo hili limejadiliwa na wavuvi wenyewe.

Kwetu pomboo wa chupa ndio riziki. Wamekuwa wakipigwa picha na kutambuliwa mmoja mmoja kwa mikato ya pezi la mgongoni tangu mwaka 2006, na kuna majike ambao nasi tunawajua kwa sura. Utafiti uliofanywa hapa ulionyesha jambo lilelile alilolisema mwalimu, kwamba sehemu ya maji wanayoyapenda zaidi iko nje ya mipaka ya hifadhi.

Ila tusidhani kwamba anayemtazama pomboo hamdhuru. Kizimkazi, Unguja, watu walimwinda pomboo kwa ajili ya chambo cha papa mpaka mwaka 1996, wakaacha kwa kuwa utalii ulioanza miaka michache kabla yake ulileta pesa zaidi, na hilo ni jema kubwa. Baadaye watafiti wakakuta kwamba boti zikijazana na watu wakiwarukia majini, pomboo hupunguza muda wa kupumzika, na mama mwenye mtoto ndiye asumbukaye zaidi. Mimi nikiona mtoto huzima mashine mbali, nikangoja. Wakija wenyewe, wageni hufurahi kuliko wakifukuzwa. Wakienda zao, nawaambia wageni wameenda zao, na mara moja moja hunikatalia bakshishi kwa ajili hiyo.

Binti wa Kibokoni anaandika:

Ahsanteni sana nyote. Mzee, nilipofika kwenye habari ya maziwa ilibidi niweke simu chini kwanza. Nina swali moja lililobaki: mtu wa kawaida kama mimi, nikimkuta pomboo amekwama ufukweni, niseme Nyali au Shelly, nifanye nini?

Kijana wa Shimoni anajibu:

Dada, kwanza piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambao wana ofisi hapo Mombasa, na uwazuie watu wasimzingire. Akiwa hai, mlaze kifudifudi, si kwa ubavu, uchimbe mchanga kidogo chini ya mapezi yake ili yasivunjike. Mfunike kwa leso zilizolowa na uendelee kummwagia maji ya bahari, lakini ulinde tundu la kupumulia lililo juu ya kichwa. Maji yakiingia humo au leso ikiliziba, atakosa pumzi. Usimvute kwa mkia wala kwa mapezi, hata kama watu wanakuhimiza umrudishe majini haraka. Akiwa amekufa, usimkate na usimzike. Mpige picha ubavu mzima, na pezi la mgongoni, na mdomo, kisha utazame kama kuna mistari ya uzi kwenye ngozi, kwa maana mistari hiyo ndiyo itakayoeleza amekufaje.

Mzee wa Mtongwe anaandika:

Naongeza moja. Nimenunua daftari. Nimezungumza na manahodha watatu wa jarife, wamekubali kunieleza kila wanachokiona au kinachonasa, kwa sharti kwamba sitaandika jina la mtu wala la chombo, nami nimewapa ahadi. Naandika siku, mahali, maji yalivyokuwa, idadi, na kama walikuwa hai. Mama Karanga, mwambie mume wako kwamba hata yeye anakaribishwa kwa sharti hilohilo.

Mstari wa kwanza nimeuandika kwa habari yako, binti yangu: Jumamosi, mlango wa Kilindini chini ya Mama Ngina, maji yakijaa, pomboo wenye nundu watatu, mmoja mdogo, wote hai. Mlete mwanao akiweza, aje aandike mstari wa pili.